Mjamzito Hakunywa Peke Yake

Nilipangiwa kazi upande wa Rombo, mkoani Kilimanjaro, mwaka 1975, nikiwa mkunga kijana niliyetoka kuhitimu Tanga. Kwetu ni Pangani. Nilikulia katika nyumba ambayo pombe haikuwahi kuvuka kizingiti chake, na nilipanda basi la kwenda Moshi nikiamini kwamba ulevi ni tabia ya wanaume wachache waliokosa malezi. Kwamba mwanamke mwenye mimba anaweza kuamka asubuhi akanywa, tena mbele ya wazazi wake, hilo halikuwa limenipitia akilini.

Zahanati ilikuwa juu kidogo ya barabara, imezungukwa na migomba na mibuni. Siku ya kliniki akina mama walianza kufika umande haujakauka. Wengine walikuwa wameshateremka tambarare na kupanda tena na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani kabla jua halijawa kali, maana ng'ombe wa Rombo anakula zizini na anayemletea chakula ni mwanamke. Nilipowainamia kusikiliza moyo wa mtoto kwa fetoskopu, nilisikia na harufu: tamu, chachu, kama ya ndizi zilizosahauliwa gunia zima. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Harufu hiyo haikutoka kwa mmoja wala wawili.

Nilimvuta pembeni msaidizi wetu, mama wa pale pale aliyenizidi umri, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama hawa wote ni walevi. Alinitazama kwa huruma.

"Sista, hao hawajalewa. Hao wamekunywa chai."

Chai yenyewe ilikuwa mbege. Kwa msomaji asiyeijua, mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zinazochemshwa kwa muda mrefu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Gome la mti uitwao msesewe huongezwa ili kuleta uchungu. Vikichanganywa vyote na kulala usiku mmoja, kinywaji kipo tayari. Ni kizito, kina chembe za ulezi zinazobaki kwenye meno, na mtu akishushia kata mbili anaweza kwenda shamba bila kukumbuka njaa mpaka mchana. Ikiwa changa huwa laini. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa kali. Bila mbege, miaka ile, hakuna posa iliyopokelewa, hakuna ugomvi wa mpaka uliosuluhishwa, hakuna matanga yaliyoanuliwa. Ilihesabiwa chakula kwanza, ulevi baadaye.

Kwa hiyo nilipoanza kuwaambia akina mama waache kunywa, nilikuwa kama mtu anayewaambia waache kula. Walinisikiliza kwa adabu kubwa, wakaitikia "ndiyo sista", wakapokea vidonge vyao vya kuongeza damu na klorokwini ya kinga, wakaenda zao. Kliniki iliyofuata harufu ilikuwa palepale.

Nilielewa kidogo zaidi nilipoanza kuwatembelea majumbani. Wachaga humtunza mzazi kwa namna ambayo sisi wa pwani tunaweza kuionea wivu. Mwanamke akijifungua hukaa ndani karibu miezi mitatu bila kushika jembe wala kubeba majani. Huletewa mtori wa ndizi na nyama, huletewa mlaso, ile damu ya mnyama iliyochanganywa na maziwa au mafuta, huletewa maziwa, na huletewa mbege ili maziwa yatoke kwa wingi. Anayesimamia yote hayo ni mama mkwe. Usimamizi wake hauanzi siku ya kujifungua. Unaanza siku anapojua kwamba mkwewe ana mimba. Mama mkwe anapokunyooshea kata, unaipokea kwa mikono miwili. Mke wa miaka kumi na tisa, aliyeolewa mwaka jana, hana mdomo wa kusema hapana.

Namkumbuka bibi mmoja wa kitongoji cha juu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. Nilifika kwake kumwona mkwewe aliyekuwa na mimba ya miezi saba na miguu iliyovimba. Nikaamkia, nikakaribishwa, nikaeleza habari za pombe. Bibi alinisubiri nimalize.

"Mwanangu, mimi nimezaa tisa. Wote hao nimewanywea mbege. Mkubwa ni mhasibu Dar es Salaam. Wewe umezaa wangapi?"

Nilikuwa bado sijazaa. Mazungumzo yakaishia hapo, tukala mtori.

Yule mkwewe naye alikuwa na balaa la ziada: alikuwa mpika pombe. Rombo ya wakati ule, mwanamke aliyetaka ada ya shule, mafuta ya taa au sabuni bila kusubiri malipo ya kahawa, ambayo yaliingia mfukoni mwa mume, alipika mbege akaiuza. Hiyo ndiyo iliyokuwa benki yake. Na desturi ilimtaka anayetoa kinywaji aonje kwanza mbele ya anayepewa, ili ionekane hakuna sumu. Mnunuzi akija, muuzaji anapiga fundo ndipo anampa. Likija kundi jingine, anapiga fundo tena. Siku ya pombe kuiva watu huanza kuingia uani asubuhi na hutoka usiku. Nilimuuliza anakunywa kiasi gani. Akashangaa kweli kweli: "Sista, mimi sinywi. Mimi naonja tu."

Wanaume nao nilianza kuwajua. Msimu wa malipo ya kahawa vilabu vilijaa, na kesho yake zahanati ikajaa pia: aliyechanika mdomo, aliyeanguka mfereji wa maji, na mwanamke mwenye tumbo la miezi sita aliyesema ameteleza jikoni, wakati alama za vidole zilikuwa wazi shingoni. Hao waume tuliwajua na kijiji kiliwajua. Balozi wa nyumba kumi aliwaita, wakatozwa faini, mara nyingi faini yenyewe ikiwa debe la mbege.

Lakini kundi hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa la waume wema. Mume mbaya alikunywa kilabuni hadi senti ya mwisho. Mume mwema alibakiza, akajaza kibuyu, akapanda nacho mlima usiku kumpelekea mkewe mjamzito, maana na yeye amechoka, na yeye ana haki yake. Majirani walimsifu. Mke alijisikia kupendwa, na kweli alipendwa. Mimi niliyetoka nyumba isiyo na pombe nilihitaji muda kuliona hilo: kata iliyokuwa ikimfikia mjamzito ilipitia mikononi mwa watu waliomtakia heri.

Tumbaku ilikuwa na njia yake tofauti. Mwanamke wa Rombo mwenye sigara mdomoni sikumwona miaka yote ile ya mwanzo. Bibi vizee walinusa au kulamba ugoro, tumbaku iliyosagwa na magadi, na wapo waja wazito waliolamba kidogo kwa siri ili kutuliza kichefuchefu, kama wengine walivyokula udongo. Sigara ilikuwa ya wanaume, na kwa sababu ilikuwa ya wanaume, hakuna aliyeihusisha na mimba.

Jirani yetu pale zahanati alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, asiyegusa pombe hata ya komunio. Alivuta sigara. Nyumba ya mwalimu ilikuwa chumba na sebule, baridi ya mlimani ikishuka madirisha yanafungwa, naye anakaa mezani na rundo la madaftari ya kusahihisha, sigara hii ikizimika inawashwa nyingine. Mkewe amelala chumba hichohicho. Sigara za dukani zilipoadimika miaka ya mwanzo ya 1980, wakati hata sukari na sabuni vilikuwa vya foleni, mwalimu alinunua tumbaku ya majani sokoni akaisokota kwenye karatasi ya gazeti. Moshi wake ulikuwa wa kukata kwa kisu. Mkewe, ambaye hakuwahi kunywa wala kuvuta, alijifungua mtoto wa kilo 1.9, mimba ikiwa imetimia. Tulimlea mtoto kwa pamba na chupa za maji ya moto, akapona. Nilipomgusia mwalimu habari ya moshi, alicheka kwa upole.

"Mimi ndiye ninayevuta, dada. Yeye ananusa tu."

Nisije nikawaonea watu wa mlimani. Nilikwenda likizo Pangani nikiwa na macho mapya. Shangazi zangu walikuwa wameketi barazani jioni na chano cha tambuu: majani, popoo, chokaa, katu na tumbaku. Miongoni mwao alikuwa binamu yangu mwenye mimba kubwa, shavu limejaa, anatafuna ili kuondoa mate ya uzazi. Nikasimulia habari za mbege. Wakashika vinywa: "Masikini, hao wanawake hawana wa kuwaambia?" Tumbaku iliyokuwa shavuni mwa mja mzito wetu haikumsumbua mtu, kwa kuwa haikutoa moshi wala haikulewesha. Leo inajulikana wazi kwamba tumbaku ya kutafuna, ya kunusa na ya kulamba nayo inahusishwa na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo na wanaozaliwa wafu. Nikotini haina haja ya moshi ili ifike kwenye damu.

Watu huniuliza kwa nini serikali haikusema. Ilisema mengi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu takribani milioni mbili kwa vikundi kusikiliza redio, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Huduma za Mama na Mtoto zilikuwa zikisambazwa vijijini bila malipo, na mimi ni tunda la juhudi hiyo. Lakini adui waliopigwa vita walikuwa malaria, minyoo, kuhara, kichocho, kifua kikuu, utapiamlo, pepopunda. Hao walikuwa wakiua mbele ya macho yetu. Rejista yangu ya wajawazito ilikuwa na safu ya umri, mimba ya ngapi, watoto walio hai, waliokufa, uzito, presha, wekundu wa damu, uvimbe wa miguu. Kinywaji na tumbaku havikuwa na safu, na baba wa mtoto hakuwa na safu ya kitu chochote.

Na elimu yenyewe ilikuwa changa hata huko ng'ambo. Daktari aliyetutembelea akitokea Moshi katikati ya miaka ya 1980 ndiye aliyetukalisha chini, wauguzi wa zahanati kadhaa, akatueleza. Daktari Mfaransa, Paul Lemoine wa mji wa Nantes, aliandika mwaka 1968 juu ya watoto 127 wa wazazi walevi, akionyesha kwamba wengi wanafanana nyuso na matatizo, lakini hakusikilizwa sana. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walieleza hali ileile na kuipa jina, ndipo dunia ikageuka. Serikali ya Marekani yenyewe ilianza kuwashauri wajawazito waache pombe kabisa mwaka 1981. Habari za sigara zilitangulia: mwaka 1957 utafiti wa California ulikuwa umeshaonyesha kwamba wanawake wavutaji huzaa njiti mara nyingi zaidi. Kwa hiyo nilipofika Rombo mwaka 1975 nikiwakataza akina mama pombe, nilikuwa nawakataza kwa dini yangu na malezi yangu. Ushahidi ulikuwa bado uko njiani.

Maelezo ya daktari yule ninayakumbuka kwa sababu yalikuwa ya wazi. Pombe anayokunywa mama hupita kondo la nyuma na kuingia kwenye damu ya mtoto, ambaye ini lake bado halijaweza kuishughulikia, kwa hiyo humkalia muda mrefu. Ikimkuta katika wiki za mwanzo, mama mwenyewe akiwa hajajua kama ana mimba, inaweza kuharibu uso na viungo: kichwa kidogo, macho membamba, mdomo wa juu mwembamba, na ule mfereji ulio chini ya pua kutoonekana. Ikimkuta baadaye, huharibu ubongo, ambao hujengeka kwa miezi yote tisa. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuonekana mzima kabisa, lakini darasani hashiki, hakumbuki, hatulii, na atakuwa hivyo hadi uzee. Hakuna dawa. Hakuna kiasi cha pombe kilichothibitishwa kuwa salama. Sigara nayo, nikotini hubana mishipa inayopeleka chakula kwa mtoto, na ile hewa ya sumu iliyo ndani ya moshi huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtoto anadumaa tumboni, au kondo linabanduka kabla ya wakati, au anazaliwa mfu. Anayevuta moshi wa mwenzake huathirika pia, ingawa kwa kiasi kidogo.

Mmoja wetu aliuliza swali lililokuwa kwenye vinywa vya wote: mbona hapa watu wamekunywa tangu enzi za mababu na wamezaa wahasibu? Daktari akasema si kila mtoto aliyenyweshwa huharibika, kama ambavyo si kila anayevuka barabara bila kutazama hugongwa. Akatuonya pia tusikimbilie kubandika watu majina. Nilishika onyo hilo. Wapo watoto niliowapokea kwa mikono yangu ambao baadaye walimu waliwaita wazito, wakarudia darasa la kwanza, wakaishia kuchunga. Mama zao walikunywa. Lakini pia waliugua malaria wakiwa na mimba, walikuwa na upungufu wa damu, walibeba mizigo ya majani hadi wiki ya mwisho, walipikia kuni katika jiko lisilo na dirisha. Sitasimama leo niseme huyu ni pombe, yule ni moshi. Ninachosema ni kwamba mzigo ulikuwa mwingi tayari, na huu ulikuwa ndio mmoja uliowezekana kutuliwa bila fedha wala dawa.

Baada ya hapo tulibadili njia. Wazo lilikuwa la yule msaidizi wetu. Alisema: "Sista, wewe unaongea na mnywaji. Nenda ukaongee na mnyweshaji." Tukatangaza kupitia mabalozi kwamba siku moja ya mwezi kliniki inawaita akina mama wakwe. Walikuja kwa udadisi, wamevaa vitenge vyao vya kanisani. Hatukuanza na makatazo. Tulianza kwa kuwasifu kwa mtori, maziwa na mlaso, na kuwaomba waendelee. Kisha nikachora ubaoni mama, kondo na mtoto, nikaonyesha kata inavyosafiri.

Yule bibi wa watoto tisa alikuwa amekaa mbele. Akauliza: "Kwa hiyo mama akinywa, na mtoto anakunywa?"

"Ndiyo, mama."

"Kata nzima?"

"Damu yao ikilingana, mama, naye amepata sehemu yake. Ila yeye ni mdogo kama ndizi."

Waliguna. Mmoja akasema haiwezekani, mwingine akamjibu mbona mama akila pilipili mtoto anaruka. Wakabishana wao kwa wao kwa Kirombo, nami nikakaa kimya maana mabishano hayo yalifanya kazi kuliko somo langu. Mwishoni bibi akasimama akatoa uamuzi wake kama kawaida yake, kwa amri: mkwewe ataendelea kupika pombe, maana ada lazima ilipwe, lakini kata ya kuonja itakuwa ya kwake yeye bibi. Wanunuzi walikubali bila neno. Nyumba ni ya bibi, akionja bibi nani ataogopa sumu? Mkwe aliyekuwa na mimba wakati huo, mimba ya tatu tangu nimfahamu, alipewa togwa na uji wa ulezi uleule usiochachuka. Chakula kilibaki, kilevi kikaondoka.

Wanaume tuliwafuata walipo, yaani nje ya kanisa Jumapili, baada ya misa na kabla ya kilabu. Katekista alitupa nafasi fupi. Mimi Mwislamu wa Pangani nikisimama mbele ya Wakatoliki wa Rombo kusema habari za pombe, nilijua naweza kufukuzwa kwa vicheko. Nilisema nimekuja na ombi moja kwa waume wema tu, wale wabaya wanaweza kutangulia kilabuni. Hakuna aliyeondoka. Nilipomaliza, mzee mmoja mwenye kofia akanyoosha fimbo.

"Sasa sista, mimi nikimpenda mke wangu nimpelekee nini?"

"Mpelekee mfupa wa supu, baba."

Walicheka, lakini kuanzia hapo mfupa wa supu ukawa utani wa kijiji. Mwanaume akipita jioni na kifurushi cha bucha, wenzake walimwuliza mkewe ana miezi mingapi. Na mwalimu jirani yetu, ambaye alihudhuria akiwa amesimama nyuma, alianza kuvutia nje, chini ya migomba, hata usiku wa baridi. Mtoto wao aliyefuata alizaliwa na kilo 2.8. Sitaapa kwamba ni kwa sababu ya moshi kutoka ndani, kwani mama safari ile alihudhuria kliniki mapema na hakuugua malaria. Lakini mwalimu mwenyewe aliapa, na akawa mhubiri wetu bora kwa walimu wenzake.

Je, Rombo iliacha? Haikuacha. Wapo wakwe waliosema tumeletewa mambo ya kizungu, na wapo wajawazito waliokunywa kwa sababu wao wenyewe walipenda, bila kulazimishwa na mtu. Nilichoshuhudia ni kwamba katika nyumba ambazo mama mkwe na mume walielewa, mwanamke alipata ruhusa ya kukataa. Bila ruhusa hiyo, maneno yangu kliniki yalikuwa upepo.

Miaka ya 1990 nilihamia Moshi mjini, na mambo yakabadilika sura. Bei ya kahawa ilianguka, biashara ikafunguliwa, bia za chupa zikajaa kila kona. Katika sherehe za kuwaaga maharusi niliona wajawazito vijana, wasomi, wakiinua glasi. Ukiwauliza wanasema bia nyeusi huongeza damu na maziwa, na divai nyekundu ni damu tupu. Rangi ndiyo iliyokuwa daktari. Nisiwacheke: Ireland nako, kwa miaka mingi, akina mama waliojifungua walipewa bia nyeusi wodini kwa imani hiyohiyo. Baadaye vikaja viroba, pombe kali kwenye kifuko cha plastiki, bei ya kutupa. Mbege inanywewa hadharani, kwa kata, na kila mtu anaona nani amekunywa. Kiroba kilifungwa kwenye pindo la khanga. Nilikutana na wajawazito waliokuwa wakinywa peke yao, bila mkwe wala mume kujua, na hao ndio waliokuwa wagumu kuwasaidia kuliko wote. Serikali ilipopiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017, nilikuwa nimeshastaafu, lakini nilisema alhamdulillahi kwa sauti.

Upande wa tumbaku sheria ilitungwa mwaka 2003, ikakataza kuvuta katika maeneo mengi ya umma na kuwauzia watoto, na mwaka 2007 nchi ikajiunga na mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku. Ni hatua njema. Ila sheria ya maeneo ya umma haiingii chumbani, na mjamzito wa leo anavutishwa moshi chumbani.

Kitu kimoja cha miaka ya 2000 kilinipa matumaini makubwa. Huduma ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ilipoanza, wanaume waliitwa kliniki. Aliyekuja na mwenza alihudumiwa kwanza. Ilileta vituko vyake, maana wapo wanawake waliokodi dereva wa bodaboda ajifanye mume ili kuwahi foleni, lakini wanaume halisi nao walikuja kwa wingi ambao sikuwahi kuuota mwaka 1975. Wakapimwa damu, wakapewa majibu, wakaondoka. Nilikuwepo nikiwaona wakitoka mlangoni, wengine na pakiti ya sigara mfuko wa shati, na hakuna aliyewauliza kitu juu yake. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila mjamzito aulizwe habari za pombe na tumbaku, pamoja na moshi wa watu wengine anaouvuta, mapema iwezekanavyo na kila anapohudhuria kliniki. Ulizia mwongozo huo kwenye zahanati unayoijua, na usikilize jibu.

Wasichana ninaowaona leo wakivaa sare nyeupe ninawaomba jambo moja. Mkimuuliza mama kama anakunywa au anavuta, msimuulize kwa sauti ya hakimu, na msiishie kwake. Muulizeni anayempa ni nani, na nani anavuta ndani ya nyumba yake. Kisha mtumieni salamu mtu huyo aje. Akiwa mume, mwambieni kwamba miezi tisa ya kuvutia nje na kupitisha kinywaji mbali na mkewe ni malezi ya kwanza anayompa mwanawe. Akiwa mama mkwe, msifuni kwa mtori wake kwanza. Na wewe baba unayesoma haya ukiwa na mke mjamzito nyumbani, usisubiri nesi akuite. Zima sigara, na jioni ukipita bucha, nunua mfupa wa supu.